Namba Mgongoni mwa Saa ya Kaka

Watu huniletea saa za mkono ambazo hawajui ni za aina gani. Mmoja ameikuta kwenye sanduku la babu yake, mwingine ameinunua mnadani, mwingine haji mwenyewe bali ananitumia picha kwa simu kutoka Dar es Salaam au Bukoba. Swali lao ni moja: hii ni saa gani? Mimi siangalii uso wa saa. Uso hubadilishwa, hupakwa rangi upya, huhamishwa kutoka saa hii kwenda ile, na jina lililoandikwa pale huenda lilibandikwa na mjanja fulani jana tu. Naigeuza. Saa nyingi za Uswisi za zamani zinanilazimu nitoe mkanda kwanza, maana namba ya aina imechongwa ubavuni, pale mkanda unapoificha, au iko ndani ya mfuniko. Za Kijapani ni rahisi zaidi. Namba iko nje, mgongoni: tarakimu nne, kistari, tarakimu nne. Nne za mwanzo zinakuambia mashine, nne za pili zinakuambia kasha. Ukizijua zote nane umeijua saa, hata kama kioo kimepasuka na mishale imeliwa na kutu.

Kazi hii nilifundishwa na baba. Alikuwa na meza barazani mwa duka la vitambaa, hapa hapa Mwanza mjini, na sisi watoto wake wawili, kaka na mimi, tulikuwa tukishinda naye pale wakati wa likizo. Kaka hakuipenda meza. Alisema saa ni mashine za kuchungulia kwa jicho moja kama mtu anayevizia, yeye anataka mashine inayonguruma. Mimi niliipenda. Baba akanianzisha kwa saa yake mwenyewe, ya Kijapani, ya chuma, isiyojazwa ufunguo kwa vidole bali kwa mtikisiko wa mkono wa anayeivaa. Aliivua, akaigeuza, akanipa kioo cha kukuzia, akaniambia nisome.

Nikasoma. Akaniuliza, "Sasa umejua nini?"

"Nimejua ni ya baba."

Akacheka. "Hapana. Umejua ni ya ukoo gani, basi. Walitengeneza nyingi kama hii na zote zina namba hiyo hiyo. Ya saa hii yenyewe ni ile ndefu iliyo chini. Ile ndiyo haifanani na ya mwenzake."

Namba ya ukoo niliishika siku ile ile, na haijanitoka. Ile ndefu ya chini hakuna aliyehangaika nayo. Ya nini? Saa ilikuwa mkononi mwa baba.

Kaka alipokua akapata kazi ya ufundi wa injini kwenye boti iliyobeba dagaa kutoka visiwani hadi mwalo wa Kirumba, boti zinaposhushia samaki. Asubuhi ya safari yake ya kwanza baba aliivua saa ile akamvisha. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Huko majini hakuna ukuta wa kutundika saa." Mama yetu ni Mkerewe, amekulia kisiwani, na tangu mwanzo hakuifurahia kazi ile. Alisimama mlangoni akiwatazama wote wawili, kisha akamwambia kaka ale kwanza ndipo aondoke.

Alifanya kazi ile muda wa kutosha kutuzoesha. Akawa mtu wa kuja na kuondoka, mwenye harufu ya dizeli na dagaa, anayelala mchana kutwa akiamka anacheka. Kisha kukawa na safari moja ambayo boti haikurudi. Dhoruba iliwakuta mbali na pwani. Wawili waliookolewa walikuwa wameng'ang'ania madumu matupu, na walisema injini ilizimika, kaka akashuka kuiwasha, na boti ikapinduka akiwa bado kule chini. Wengine waliokufa walionekana siku zilizofuata, mmoja mmoja. Kaka hakuonekana.

Tulimtafuta. Baba alifunga meza, akawa anapanda mitumbwi ya watu kwenda kila mwalo wa Ukerewe, kwa sababu kule ndiko boti ilikopotelea. Tulitoa tangazo redioni. Tulivuka hadi Sengerema, tukaingia chumba cha maiti cha hospitali, na baba akatoka akitikisa kichwa, nikashukuru Mungu, kisha nikajiuliza namshukuru kwa lipi. Aliporudi nyumbani jioni mama hakumuuliza kitu. Alimtazama mikono. Nadhani alikuwa akitazama kama ameshika saa.

Baadaye wazee wa upande wa mama walikuja na ushauri wao. Mtu akipotelea ziwani, mwili ukakosekana, wapo wanaozika shina la mgomba badala yake. Linaviringishwa sanda, linaliliwa, linafukiwa, na ndugu wanapata pa kwenda. Walilieleza jambo hilo kwa upole sana. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, akawamiminia uji, akasema, "Sikuzaa mgomba."

Hakuna aliyelirudia tena. Kwetu hapakufungwa turubai, hakunyolewa mtu nywele. Shati la kaka liliendelea kuning'inia nyuma ya mlango, na mama alilifua pamoja na nguo nyingine kila baada ya muda, kana kwamba limevaliwa. Wageni wakija kutoa pole aliwapokea vizuri, na wakitamka neno kifo alinyanyuka kwenda kutazama jiko.

Baba alirudi mezani, ila alipungua. Miaka michache baadaye aliugua akafariki, tukamzika nyumbani Buhongwa. Mama alimlilia mume wake vile mjane anavyolia. Machozi ya mwanawe hayakuwamo, na kila aliyekuwapo aliliona hilo.

Mimi nikakaa kwenye kiti cha baba. Watu walizoea upesi kuona mwanamke na kioo cha kukuzia jichoni. Simu zilipokuja nilidhani kazi imekwisha, kumbe saa za zamani ndipo zilipoanza kutafutwa, nami nikawa natambua aina zake zaidi ya kuzitengeneza. Na katika miaka hiyo yote ziliwahi kupita mezani kwangu saa kadhaa zenye zile tarakimu nane. Kila moja niliifungua hata kama mwenyewe hakuniomba. Sisi mafundi, tukimaliza kusafisha saa, tunakwangua alama ndogo kwa ndani ya mfuniko, kila fundi na yake. Ya baba ilikuwa kama ndoana, na kando yake aliongeza mkwaruzo mmoja kila alipoifungua tena. Nilizifungua saa zile, nikakuta alama za mafundi wa Nairobi, wa Tabora, wa wapi sijui, au chuma kitupu. Nikazifunga. Mama sikumwambia hata mara moja.

Kisha akaja yule kijana.

Naita kijana, lakini alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Alivaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vyenye vumbi la safari. "Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba. Karibu ukae."

Alikaa kwenye stuli ya wateja, akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua taratibu. "Hii ni saa ya mzee wangu. Amefariki. Nataka nijue ni saa ya aina gani, na kama inaweza kuamka niivae."

Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani. Uso ulikuwa umevimba madoa ya kahawia, na mshale wa sekunde haukuwapo. Niliigeuza, nikapangusa mgongo kwa kidole gumba, na zile nane zikatokea.

Nilimwambia ni saa gani, mashine yake, kasha lake, inavyojijaza. Nilikuwa natumia sauti ya kazi. Nikamwambia kwamba lazima niifungue nione ndani. Mfuniko ulikuwa umeshikana kwa kutu na ulinichukua muda. Ulipoachia, nikaugeuza kwenye mwanga. Ndoana ilikuwa pale, na mikwaruzo kando yake, imepangana vizuri kama baba alivyopenda kupanga kila kitu.

Nilivua kioo cha kukuzia nikakiweka chini. Nikamuuliza, "Mzee wako aliinunua wapi?"

"Hakuinunua, mama. Alikuwa akisema ni ya mgeni." Aliona uso wangu akaanza kusita, labda alifikiri namtuhumu wizi. "Sisi tunakaa ng'ambo, huko chini ya Sengerema, kando ya ziwa. Zamani, mimi nikiwa Geita machimboni, maji yalitoa mtu pale mwaloni kwetu. Mzee na wenzake walitoa taarifa kwa mwenyekiti, wakamzika siku ile ile, maana alikuwa amekaa sana majini. Saa ilikuwa mkononi. Mzee akaihifadhi kwenye kopo mpaka wenyewe watakapokuja. Hakuivaa hata siku moja."

"Na wenyewe hawakuja."

"Hawakuja. Alijaribu kuwatafuta. Alidhani hii namba ya nyuma ni kama namba ya gari, kwamba ukiipeleka kwa wanaojua wanakutajia mwenye mali. Aliileta hapa Mwanza kwa fundi mmoja. Fundi akamwambia hapana, hiyo ni namba ya aina tu, ziko nyingi mno. Mzee akarudi nayo nyumbani."

Nilimuuliza fundi huyo alikuwa wapi, na ilikuwa lini. Akanitajia mtaa na mwaka. Ni mwendo mfupi kutoka barazani kwetu, na baba wakati ule alikuwa bado hai, ameketi papo hapo nilipoketi. Fundi yule hakukosea. Mtu angeniletea swali hilo mimi, ningemjibu maneno yale yale.

Ndipo nikamwambia kijana saa ile ni ya nani. Aliinuka kwenye stuli, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Jamani. Jamani, mama." Wapita njia wakageuka kututazama.

Nilikwenda Buhongwa na mfuniko peke yake, nimeufunga kwenye kitambaa. Saa yenyewe niliiacha mezani kwa sababu ilikuwa imeoza, na sikutaka mama aione hivyo. Nilimkuta anaanua nguo. Nikasema, "Mama, imepatikana saa ya baba. Ile ya kaka."

Aliendelea kukunja nguo. "Saa tu?"

"Na aliyemzika mwenye saa."

Nilimpa mfuniko. Macho yake hayaoni vitu vidogo tena, kwa hiyo aliupapasa kwa ncha ya kidole mpaka akaipata ndoana, akakaa pale pale chini, nguo mapajani. "Kumbe alizikwa," alisema. Alisema hivyo mara mbili. Kisha akaniuliza kama kivuko cha asubuhi bado kinaondoka mapema.

Tulivuka siku iliyofuata, mama, mimi na yule kijana. Mama alivaa kitenge chake kizuri. Njia nzima kijana hakuthubutu kukaa karibu naye. Upande wa pili tulipanda gari, kisha tukateremka na njia ya miguu katikati ya mashamba ya mihogo hadi kwenye nyumba yao. Mama yake kijana, mjane wa yule mzee, alikuwa ametandika mkeka. Ni mwanamke wa umri wa mama. Walishikana mikono, hawakuachiana haraka.

"Nipeleke kwanza," mama alisema.

Yule mjane akamtazama mwanawe, na mwanawe akatazama chini. Nikajua kuna jambo ambalo hatujaambiwa.

Walitupeleka hadi mwisho wa njia. Mbele yetu kulikuwa na matete, na kati ya matete maji. Mjane akanyoosha mkono. "Alikuwa pale, dada yangu. Pale penye ule mti uliokauka. Palikuwa nchi kavu, tena mbali na maji, tulikuwa tunalima karibu yake. Kisha ikaja ile miaka ziwa lilipopanda. Lilichukua mashamba, likachukua choo cha shule, likamfikia. Mume wangu alikuwa ameanza kuugua. Alitaka wamhamishe. Wazee wakasema mtu hahamishwi bila ndugu zake kuwapo. Wakawa wanabishana, na maji hayakuwangoja."

Nimeishi kando ya ziwa hili maisha yangu yote na sijawahi kulichukia kama nilivyolichukia pale. Lilimchukua, likamrudisha kwa watu waungwana, kisha likamfuata kaburini.

Mama alivua viatu. Akaingia majini katikati ya matete, kitenge kikiloa, mpaka maji yakafika magotini. Kijana alitaka kumfuata, mama yake akamzuia kwa mkono. Mama alisimama kule akiutazama ule mti. Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Mlimzika na nini?"

"Na khanga yangu," mjane alijibu. "Sanda hatukuwa nayo. Ilikuwa khanga mpya."

"Aliliwa?"

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anauliza habari za samaki, nikashtuka. Lakini mjane alielewa, kwa sababu ni mama.

"Alililiwa," alisema. "Wanaume walikuwa wanaharakisha, jua lilikuwa kali. Niliwaambia wasimfukie hivi hivi kama mbwa, huyu ana mama mahali fulani. Nikapiga magoti nikamlilia. Nililia kweli, dada yangu, si kwa kujilazimisha. Nilisema, mwanangu, mama yako hajui uko hapa, basi mimi nakulilia badala yake."

Mama aligeuka. Alitoka majini akaja moja kwa moja kwa yule mwanamke, akamwangukia kifuani, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kabla. Ndege waliruka kwenye matete. Walishuka chini pamoja, wakakaa kwenye tope, wakalia wawili, nasi watoto wao tukasimama kando bila kujua tufanye nini na mikono yetu.

Tuliporudi Buhongwa tulifunga turubai. Majirani wengi wa sasa hawakuwahi kumjua kaka, na iliwabidi waelezwe ni msiba wa nani, lakini walikuja, wakaleta kuni na unga, wakalala. Mchungaji aliuliza tutaweka nini kaburini, mama akasema hatuchimbi kaburi, kaburi analo. Tulinyolewa. Yule mjane alivuka na mwanawe, akakaa nasi ndani pamoja na wafiwa, akalala kwenye mkeka mmoja na mama, na waliouliza ni nani waliambiwa ni mama wa marehemu.

Siku ya kuanua matanga nilimuuliza mama tufanye nini na saa. Nilitegemea aseme tuihifadhi.

"Mpe mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe nani, mama?"

"Yule kijana. Ni ya baba yake. Mtu aliyeiweka kwenye kopo miaka yote ile bila kuivaa."

Kijana alikataa, akasema hana haki nayo. Mama akamwambia asimfanye arudie maneno. Kwa hiyo niliitengeneza. Mashine ya zamani haikufaa tena, kwa hiyo nilitafuta saa nyingine mbovu yenye tarakimu nne za mwanzo zilezile, nikaitoa mashine yake nzima nikaihamishia kwenye kasha lile la kaka. Uso nilitafuta mwingine, na mishale, na kioo. Kilichobaki cha kwake ni kasha na mfuniko. Nilifanya kazi ile polepole kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya, na nilipoifunga nilikaa nimeishika, ikitembea, mpaka vidole vyangu vikaipasha joto. Aliivaa akashukuru, akashuka kuelekea kivukoni. Nilimwangalia mpaka alipojichanganya na watu.

Watu walituambia kwamba sasa mama atapumzika. Haikuwa hivyo kabisa. Ameanza kulia. Anaweza kuwa amekaa uani anakata viazi vitamu vya kuanika viwe michembe, anaongea mambo ya kawaida, bei ya mafuta, mbuzi wa jirani, kisha kisu kinasimama na anaanza, kwa sauti, mchana kweupe. Mara za kwanza majirani walikimbia kuja. Sasa wamezoea. Shati lililokuwa nyuma ya mlango amelitoa akampa mtu, na mlango ule siku hizi hataki ufungwe.

Nikiwa mjini nikapigiwa simu kwamba ameanza, nafunga meza naenda. Simwambii anyamaze. Navuta kigoda karibu naye, nakichukua kisu mkononi mwake, nakata viazi vilivyobaki, navipanga kwenye mkeka juani.